Swali la Mwalimu na Ushahidi wa Mtoto

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha, hulea, na mara nyingi huamua kesi. Kalamu imepotea, kioo cha dirisha kimevunjwa, mtoto mmoja amempiga mwenziwe njiani. Kabla kengele ya kipindi cha pili haijalia, mwalimu amekwisha kuwa mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja, na hukumu hutolewa palepale mbele ya darasa. Hapana wakili, wala hapana rufani.

Walakini, katika maandalizi ya kazi yetu jambo hili hupewa nafasi ndogo sana. Mwanachuo hufundishwa kwa bidii jinsi ya kuuliza maswali ya somo: swali liwe wazi, liulizwe darasa zima kwanza, kisha ateuliwe mtoto wa kujibu. Namna ya kumwuliza mtoto juu ya jambo lililotokea, nani alikuwapo, nani alifanya nini, huachiwa busara ya kila mtu. Kumbe maswali ya namna hii yanayo elimu yake, na elimu hiyo imetafitiwa katika vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi mambo ambayo watafiti wa haki jinai wameyagundua juu ya maswali na ushahidi, hasa ushahidi wa watoto. Kisha tutaonyesha mambo hayo yanavyomhusu mwalimu darasani, pamoja na somo moja la mfano.

Haki jinai kama elimu

Haki jinai ni utaratibu mzima unaoanza pale kosa linaporipotiwa na kuendelea hadi mkosaji anapomaliza adhabu yake: polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza. Hapa Tanzania neno hili lilizoeleka masikioni mwa wengi mwaka 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipounda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Katika vyuo vikuu elimu hii hufundishwa na wanasheria, wanasaikolojia na wataalamu wa elimu ya jamii. Kwetu mlango wake ulikuwa sheria. Chuo kikuu kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, kitivo cha kwanza kufunguliwa kilikuwa cha sheria. Miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi wa sheria hujifunza ni kanuni za kumhoji shahidi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaeleza kwamba wakili anayemhoji shahidi wake mwenyewe haruhusiwi kumwuliza swali dokezi iwapo upande wa pili utapinga, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Upande wa pili, unapomhoji shahidi huyo ili kumpima, waweza kuuliza maswali ya namna hiyo.

Swali dokezi ni swali lililokwisha beba jibu lake tumboni. "Uliona nini?" si swali dokezi. "Je, ulimwona mshtakiwa akiingia kwa mlango wa nyuma?" ni swali dokezi, kwa kuwa humpa shahidi mtu, tendo na mahali, na kumwachia kazi ya kutikisa kichwa tu.

Kanuni hii ya mawakili ni ya zamani, nayo ilitokana na uzoefu wa mahakamani. Kazi ya vyuo vikuu ilikuwa kuipima: je, ni kweli kwamba namna ya kuuliza hubadili jibu? Na ikiwa ni kweli, hubadili kwa kiasi gani?

Ugomvi katika darasa la Berlin

Jaribio moja lililojulikana sana lilifanyika mwanzoni mwa karne ya 20 katika Chuo Kikuu cha Berlin, Ujerumani, ndani ya darasa la Franz von Liszt, profesa wa sheria ya jinai. Profesa alikuwa akizungumza juu ya kitabu fulani. Ghafla mwanafunzi mmoja akapaza sauti akitaka jambo hilo litazamwe kwa upande wa maadili ya Kikristo. Mwingine akajibu kwamba hawezi kuvumilia maneno hayo. Wakatukanana, wa kwanza akatoa bastola, wa pili akamrukia. Profesa akaingia kati, na bastola ikalia. Darasa likawa ghasia tupu.

Profesa alipokwisha kutuliza mambo, aliwataka wanafunzi waeleze waliyoyaona. Wengine waliandika papo hapo, wengine baada ya siku au juma zima, na wengine walihojiwa. Wasichokijua ni kwamba ugomvi wote ulikuwa umeandaliwa, na kila neno na kila tendo lilikuwa limeandikwa mapema. Kwa hiyo kila maelezo yaliweza kulinganishwa na ukweli wenyewe.

Hugo Münsterberg wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza matokeo yake katika kitabu chake cha mwaka 1908 juu ya mashahidi. Shahidi aliyekosea kidogo kuliko wote alikuwa na makosa katika asilimia 26 ya maelezo yake; aliyekosea zaidi alifikia asilimia 80. Makosa yalizidi katika sehemu ya pili ya tukio, pale hofu na jazba zilipopanda. Watu waliokaa kimya walisingiziwa maneno, na baadhi ya mambo makubwa yalisahauliwa kabisa. Tukumbuke kwamba mashahidi hawa walikuwa watu wazima, wasomi wa sheria, wasio na sababu yoyote ya kusema uongo.

Wanasheria hawakuyapokea mambo haya kwa urahisi. John Henry Wigmore wa Chuo Kikuu cha Northwestern, bingwa wa sheria ya ushahidi, alijibu mwaka 1909 kwa maandishi yaliyotungwa kama kesi ya kubuni ambamo Münsterberg mwenyewe alishtakiwa. Hoja yake kubwa ilikuwa ya haki: msitulaumu tu, tuleteeni njia ambayo mahakama yaweza kuitumia. Njia hizo zilichukua miaka mingi kupatikana.

Kifungo na uzi wa Binet

Alfred Binet ni jina ambalo wanachuo hulikuta katika saikolojia ya elimu, kwa sababu ya kipimo cha akili alichotunga pamoja na Théodore Simon mwaka 1905. Ni wachache wajuao kwamba miaka 5 kabla ya hapo alikuwa amechapisha kitabu juu ya jinsi watoto wa shule wanavyoathiriwa na madokezo.

Katika jaribio lake moja, Binet aliwaonyesha watoto kadi iliyobandikwa vitu sita, miongoni mwake sarafu, stempu na kifungo cha nguo. Kadi ilionyeshwa kwa muda mfupi, kisha ikaondolewa. Baadhi ya watoto waliachwa waandike wenyewe yote waliyoyakumbuka. Wengine waliulizwa maswali ya kudokeza. Kifungo, kwa mfano, kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Walakini watoto waliulizwa kama hakikufungwa kwa uzi. Wapo waliokubali kwamba uzi ulikuwapo, nao hawakuwa wameuona.

Mambo mawili katika kazi hii yamethibitishwa tena na tena tangu wakati huo. La kwanza: mtoto anapoachwa asimulie mwenyewe, husema machache, lakini aghalabu huwa ya kweli. Maswali ya kudokeza huongeza maneno na huongeza makosa pamoja nayo. La pili: watoto walipoulizwa kwa pamoja katika vikundi, wa kwanza kujibu aliwavuta wenziwe. Mwalimu anayeuliza darasa zima, "Nani alimwona?", na kuhesabu mikono iliyoinuliwa, hana budi kujua kwamba mikono sita yaweza kuwa ni ushahidi wa mtoto mmoja tu.

Nguvu ya neno moja

Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hata neno moja laweza kutosha. Wanafunzi 45 walitazama filamu fupi za ajali za magari. Kisha waliulizwa magari yalikuwa yakienda kwa mwendo gani. Swali lilikuwa lile lile, isipokuwa kitenzi. Wengine waliulizwa magari "yalipogusana", wengine "yalipogongana", na wengine kwa kitenzi cha Kiingereza chenye nguvu zaidi, ambacho twaweza kukiita "yalipopondana".

Walioulizwa kwa neno la kugusana walikadiria wastani wa maili 31.8 kwa saa, yaani karibu kilomita 51. Walioulizwa kwa neno la kupondana walikadiria maili 40.5, yaani karibu kilomita 65. Filamu zilikuwa zile zile.

Katika jaribio la pili, lililohusisha wanafunzi 150, watafiti walisubiri juma moja, kisha wakauliza kama palikuwa na vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwapo. Hata hivyo, kati ya 50 walioulizwa hapo awali kwa neno la kupondana, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kugongana, walikuwa 7. Na kati ya 50 ambao hawakuulizwa habari za mwendo, walikuwa 6. Neno la mwulizaji liliingia katika kumbukumbu na kukaa humo kama jambo lililoonekana kwa macho.

Kiswahili nacho kinayo maneno ya namna hiyo. Kumwambia mtoto "alikusukuma" si sawa na "alikugusa". "Aliiba" si sawa na "alichukua". "Alitoroka" si sawa na "aliondoka". Mwalimu anapochagua kitenzi katika swali lake, amekwisha kuandika nusu ya jibu.

Mgeni aitwaye Sam Stone

Katika miaka ya 1980 nchini Marekani zilitokea kesi kubwa zilizotegemea maneno ya watoto wadogo. Mojawapo ilihusu shule ya awali ya McMartin, katika jimbo la California. Tuhuma za kuwadhuru watoto zilianza mwaka 1983, watoto wengi wakahojiwa kwa maswali ya kudokeza, na kesi ikaendelea hadi mwaka 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Miaka 7 ilipita, na mwishowe haikuwezekana tena kutenganisha maneno ya watoto na maneno ya waliowauliza.

Kutokana na kesi kama hizo, watafiti walitaka kujua mambo yanavyokuwa. Michelle Leichtman na Stephen Ceci walichapisha mwaka 1995 utafiti juu ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Mgeni aliyeitwa Sam Stone alitembelea darasa lao kwa dakika 2 hivi. Aliwasalimu, akatembea kidogo, akaaga na kuondoka. Hakuharibu kitu.

Kundi moja la watoto liliulizwa baadaye bila madokezo. Kundi lingine lilikuwa limeambiwa kabla ya ziara kwamba Sam Stone ni mtu mzembe anayeharibu vitu. Kisha, kwa muda wa majuma 10, likaulizwa mara kwa mara maswali yaliyochukulia kwamba alichana kitabu na kuchafua mwanasesere. Mwishoni mtu mwingine aliwahoji wote. Watoto wa kundi la kwanza, walipoachwa wasimulie wenyewe, hawakumsingizia mgeni. Katika kundi la pili, zaidi ya nusu ya wale wa miaka 3 na 4, walipoulizwa, walisema alifanya mabaya hayo, na wengine waliongeza maelezo yao wenyewe. Zaidi ya hayo, wataalamu walioonyeshwa picha za video za mahojiano hayo hawakuweza kutambua mtoto gani anasema kweli.

Wahenga wetu walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumhukumu mtu kwa uvumi. Yafaa tuisome kwa makini zaidi. Jambo likisemwa mara nyingi mbele ya watoto, kweli laja. Huja akilini mwao, na hatimaye katika vinywa vyao.

Hata hivyo, tusije tukaelewa vibaya. Utafiti huu hauonyeshi kwamba watoto ni waongo. Unaonyesha kwamba mtoto aliyeulizwa vizuri ni shahidi wa kutumainiwa, na kwamba mtu mzima aweza kumharibu. Sheria yetu nayo imemwamini mtoto: tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto wa umri usiozidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi mahakamani bila kiapo, mradi aahidi kwanza kusema kweli na kutosema uongo.

Kukiri si mwisho wa ukweli

Waalimu wengi huamini kwamba mtoto akikiri, kesi imekwisha. Hapa hatuna budi kueleza kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa wageni katika kazi, katika shule moja ya msingi, mtoto wa darasa la nne alilalamika kwamba mkebe wake mpya wa vifaa vya jometri umepotea. Tulikuwa na shaka na mvulana mmoja aliyewahi kukutwa na kalamu ya mwenziwe. Tukauliza darasa: "Nani alimwona huyu akifungua mfuko wa mwenziwe?" Mikono minne ikainuka. Tukamwita mvulana mbele. Alikana mara mbili. Mara ya tatu, tuliposema kwamba wenzake wamemwona na kwamba akikiri mambo yatakwisha, aliinamisha kichwa akasema ndiyo. Tulimwuliza ameuficha wapi. Akasema ameutupa njiani. Siku ya pili mama yake alifika shuleni na fedha za kulipa, alizokopa kwa jirani.

Siku mbili baadaye mkebe ulipatikana nyumbani kwa mwenyewe, nyuma ya kabati. Haukuwa umefika shuleni siku ile. Mashahidi wanne walikuwa wameona jambo ambalo halikutokea, na mvulana alikuwa amekiri wizi wa kitu ambacho hakikuibwa. Tulirudisha fedha, tukaomba radhi. Tulipomwuliza kwa nini alikubali, alijibu: "Mwalimu, ulikuwa umeshajua." Tangu siku hiyo mtoto yule hakuinua tena mkono katika kipindi chetu, hata pale alipokuwa na jibu.

Hayo yetu yalikuwa madogo. Mwaka 1989 mjini New York, vijana watano wa umri wa miaka 14 hadi 16 walishtakiwa kwa kumshambulia mwanamke katika bustani ya Central Park. Baada ya kuhojiwa kwa saa nyingi walitoa maelezo ya kujitia hatiani, nao walifungwa. Mwaka 2002 hukumu zao zilifutwa, baada ya mtu mwingine kukiri na vinasaba kuthibitisha kwamba ndiye.

Katika jiji hilo hilo, mwaka 1992, Barry Scheck na Peter Neufeld walikuwa wameanzisha mradi wa kuwatetea waliofungwa bila hatia, katika shule ya sheria ya Cardozo. Wanafunzi wa sheria hufanya kazi katika kesi za kweli chini ya wakufunzi wao: husoma majalada, hutafuta vielelezo vya zamani, huomba vipimwe. Hesabu za mradi zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1989 na 2020 watu 375 nchini Marekani walithibitishwa kwa vinasaba kuwa hawakuwa na hatia. Katika asilimia 69 ya kesi hizo shahidi alikuwa amemtambua mtu asiye mwenyewe. Katika asilimia 29 palikuwa na maelezo ya kukiri yasiyo ya kweli.

Kwa nini mtu akiri asilolitenda? Mwaka 1996 Saul Kassin na Katherine Kiechel, katika chuo cha Williams, waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika kwa kompyuta, wakiwaonya wasibonyeze kitufe fulani. Kisha waliwashutumu kwamba wamekibonyeza na kuharibu kazi. Hakuna aliyekibonyeza. Walakini asilimia 69 walitia sahihi karatasi ya kukiri. Pale kazi ilipokuwa ya haraka, na mtu mwingine akadai kwamba aliona, walitia sahihi wote. Hao walikuwa watu wazima, wala hawakutishwa kwa fimbo.

Huko Uingereza, baada ya watu wanne wa kesi ya Guildford kuachiwa mwaka 1989 na sita wa Birmingham mwaka 1991, wote wakiwa wamefungwa miaka mingi kwa makosa ambayo si yao, polisi walibadili mafunzo yao. Tangu mapema miaka ya 1990 walifundishwa kwamba shabaha ya mahojiano ni kupata habari, wala si kupata ungamo: afisa hujiandaa, humweleza anayehojiwa utaratibu, humwachia asimulie, humaliza kwa adabu, kisha hupima alichokisikia.

Je, macho hayasemi?

Huenda msomaji akasema kwamba mwalimu mzoefu humtambua mwongo kwa macho yake. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za vyuo vikuu juu ya watu waliojaribu kutambua uongo kwa kutazama na kusikiliza tu. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100. Anayerusha sarafu hupatia mara 50. Mtoto anayeinamisha macho mbele ya mwalimu huenda ana hatia. Huenda pia ana hofu, au amelelewa kwamba kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu.

Mwongozo kwa mwalimu

Kutokana na hayo, tunapendekeza hatua zifuatazo jambo linapotokea darasani.

1. Hakikisha kwanza kwamba jambo limetokea. Kitu kilichopotea kitafutwe, hata nyumbani kwa mwenyewe, kabla ya kumtafuta mwizi.

2. Mwite kila mtoto peke yake, mahali ambapo wengine hawasikii lakini mnaonekana. Usiulize darasa zima kwa kuinua mikono.

3. Anza kwa swali pana: "Nieleze yote unayoyakumbuka tangu kengele ya mapumziko ilipolia." Kisha nyamaza. Ukimya wa mwalimu humpa mtoto nafasi ya kukumbuka.

4. Mweleze mtoto kwamba "sijui" ni jibu zuri, na kwamba wewe hukuwapo, kwa hiyo hujui yaliyotokea.

5. Maswali yanayofuata yatumie maneno ya mtoto mwenyewe. Akisema "alichukua", usiseme "aliiba".

6. Usitaje jina ambalo mtoto hajalitaja. Usirudie swali lile lile mara nyingi. Mtoto huelewa kwamba jibu lake la kwanza halikukupendeza.

7. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, pamoja na swali ulilouliza.

8. Mtoto akikiri, tafuta jambo la kuthibitisha: kitu chenyewe, au maelezo ambayo hayakutoka kinywani mwako.

Lipo jambo moja la kutengwa na haya yote. Mtoto akikueleza kwamba amedhuriwa mwilini au ametendewa ukatili, kazi yako si kupeleleza. Msikilize bila kumkatiza, usimwulize zaidi ya yale yanayohitajika kumweka salama, andika maneno yake, kisha toa taarifa siku hiyo hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mtu katika jamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziarifu mamlaka za serikali za mitaa. Mwalimu anayemhoji mtoto huyo mara kwa mara aweza kuharibu ushahidi ambao ungemlinda.

Somo la mfano

Somo hili lafaa darasa la tano au la sita, katika Kiswahili au katika masomo ya maadili. Muda wake ni vipindi viwili.

Maandalizi. Mwombe mwalimu mwenzako aingie darasani kwa dakika moja. Asalimu, achukue kifutio na ramani, aseme sentensi mbili mlizoziandika, afungue dirisha, aondoke. Pasiwe na ugomvi, tuhuma wala kitu cha kuogofya. Bastola ya Berlin haina nafasi katika shule yetu. Mwalimu Mkuu aarifiwe mapema.

Hatua ya kwanza. Baada ya dakika 10 za somo la kawaida, nusu ya darasa iandike yote inayoyakumbuka. Nusu ya pili ipewe maswali matano, mawili kati yake yakiwa dokezi, kwa mfano: "Kitabu alichokichukua kilikuwa cha rangi gani?" ingawa hakuchukua kitabu.

Hatua ya pili. Waeleze watoto mara moja kwamba tukio liliandaliwa. Soma orodha ya kweli, kisha wahesabu wenyewe makosa ya kila nusu na kuyaandika ubaoni bila kutaja majina.

Hatua ya tatu. Waulize: makosa ya vitabu yametoka wapi? Waongoze waone kwamba yalitoka katika swali. Kisha kila mtoto abadili swali moja dokezi kuwa swali la wazi.

Mwalimu asimcheke aliyekosea, wala asidai kwamba darasa moja limethibitisha kanuni. Shabaha ni mtoto aone kwa macho yake kwamba yeye pia aweza kukosea kwa nia njema, ili kesho asite kabla ya kuinua mkono dhidi ya mwenziwe.

Hitimisho

Tumeona kwamba ushahidi hutegemea sana swali, na kwamba wasomi wa sheria wa Berlin na watoto wa Paris walikosea kwa namna zinazofanana. Mahakama zina mawakili wa kupinga swali baya, na zina rufani ya kurekebisha hukumu mbaya, na bado hukosea. Darasa halina hata kimoja kati ya hivyo, ila mwalimu mwenyewe. Basi hana budi kuwa yeye anayeuliza, na pia yeye anayelipinga swali lake.

Maswali ya kujadili

1. Kumbuka kesi moja ya darasani uliyoishuhudia ulipokuwa mwanafunzi. Mwalimu aliuliza maswali gani, na yapi yalikuwa dokezi?

2. Geuza maswali haya yawe ya wazi: "Kwa nini ulimpiga?" "Ni nani kati yenu alianza?" "Hukuwa na akina fulani mtoni?"

3. Shule nyingi zina madarasa yenye watoto wengi na chumba kimoja cha walimu. Jadilini namna ya kumsikiliza mtoto peke yake katika hali hiyo.